Mchezo wa Bure Uwanjani: Kikundi Kijipange Namna Gani?

Tulipokuwa tukitembelea vikundi mwaka jana, akina mama wa kikundi kimoja walitupa kisa ambacho mpaka leo hakijatutoka akilini. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa kinu cha kusaga unga. Lilisema kwamba Jumamosi kutakuwa na mchezo wa kuigiza kuhusu mjane na shamba, katika uwanja wa shule moja iliyo karibu na soko kubwa, mwendo wa dakika 40 hivi kwa gari. Kiingilio hakuna. Akina mama wakasema, bure ni bure, twendeni.

Kikundi hicho kilikuwa na sababu ya kwenda. Mmoja wao alikuwa amefiwa na mume miezi michache iliyopita, na shemeji yake alikuwa amekuja asubuhi moja na kupiga vigingi katikati ya shamba lake la viazi. Yule mama hakujua aende kwa nani. Kwa chifu? Kwa wazee wa ukoo? Kwa polisi? Kwa hivyo wenzake waliposikia habari za mchezo wa mjane, walimwambia, "Hapo ndipo utapata jibu lako."

Tangazo lilikuwa limeandikwa "2.00 p.m." Habari ikapita kutoka mdomo hadi mdomo, na ilipofika bonde la chini ilikuwa imegeuka saa mbili. Basi nusu ya kikundi wakafika barabarani saa mbili za asubuhi, na watoto mgongoni. Wakakaa hapo mpaka jua likawachosha, na wengine wakarudi nyumbani kukamua ng'ombe. Waliobaki wakapanda matatu saa nane kasoro, baada ya kubishana bei na dereva kwa muda mrefu. Walipofika, mchezo ulikuwa umefika katikati. Wakasimama nyuma ya watu waliosimama nyuma ya watu wengine. Upepo ulikuwa ukivuma kuelekea kwa waigizaji. Wakasikia watu wakicheka, lakini kicheko kilihusu nini hawakujua.

Saa kumi kamili dereva akapiga honi, maana ndivyo walivyopatana. Wakati huo huo afisa wa msaada wa kisheria alikuwa anasimama katikati ya uwanja kujibu maswali. Akina mama wakaondoka.

"Tulirudi na nyimbo tu," mmoja wao alituambia.

Yule mjane alirudi bila jibu, na vigingi vilikuwa pale pale. Ndiyo sababu tumeona tuandike juu ya jambo hili, ambalo wengi hufikiri halihitaji mipango kwa vile halina tiketi.

MCHEZO WENYEWE NI WA AINA GANI?

Kwanza tuelewane. Kuna mchezo ambao waigizaji wanaigiza, watu wanapiga makofi, kila mtu anakwenda kwake. Huo ni mzuri, na mtu aliyechoka na jembe ana haki ya kucheka bila kufundishwa kitu. Lakini michezo mingi inayoletwa vijijini bila malipo ni ya namna nyingine. Tangu miaka ya 1990, vikundi vya maigizo hapa Kenya vimezunguka masokoni na katika viwanja vya shule na michezo kuhusu Ukimwi, haki za raia, maji safi, urithi na mambo kama hayo. Katika michezo hiyo mtazamaji ana kazi ya kufanya.

Mtindo mmoja unaotumika sana ulianzishwa na Mbrazili mmoja, Augusto Boal, katika miaka ya 1970. Waigizaji wanaonyesha shida mpaka inafika pabaya, kisha wanasimama bila kuimaliza. Mwongozaji anatoka mbele na kuwauliza watu: Je, huyu mama angefanya nini? Mtu yeyote anaweza kuinua mkono, aingie uwanjani, achukue nafasi ya yule mama na ajaribu njia yake mwenyewe. Waigizaji wanamjibu kama vile watu wangemjibu nyumbani. Njia ikishindikana, mwingine anaingia kujaribu ya kwake.

Sasa mnaona hasara ya kuondoka mapema. Sehemu ya kwanza, ile ya nyimbo na vichekesho, ni ya kuwakusanya watu na kuwaonyesha jambo. Sehemu ya pili ndiyo yenyewe, na huanza wakati ambapo watu wengi wameanza kutazama saa.

BURE, LAKINI NANI ANALIPA?

Kila kitu cha bure kuna mtu anayekilipia. Waigizaji wamekula, gari la vyombo limetiwa mafuta, kipaza sauti kimekodiwa. Si vibaya kikundi kuuliza ni nani aliyelipa, kwa maana jibu litawaambia mchezo unataka nini kwenu. Kama ni mradi wa afya, mtaambiwa habari za afya. Kama ni kampuni inayouza mbolea, msishangae mjane wa kwenye mchezo akipona umaskini kwa mbolea! Na ikiwa ni wakati wa kura, hapo ulizeni mara mbili.

Jambo hili la bure lina historia yake, na tunaomba mtuvumilie twende mbali kidogo, mpaka New York, Marekani. Huko mwaka wa 1954 bwana mmoja aitwaye Joseph Papp alianza kuonyesha michezo ya Shakespeare katika jumba la kanisa, Emmanuel Presbyterian, katika mtaa wa watu wa mapato ya chini. Baadaye, mwaka wa 1957, alitia jukwaa lake juu ya lori na kulizungusha mitaani, watu wakatazama bure. Lori likaishia katika bustani kubwa ya mji huo iitwayo Central Park. Mwaka wa 1959, mkuu wa bustani za mji, Robert Moses, akamwambia Papp kwamba ni lazima watazamaji walipe dola moja au mbili. Sababu yake? Ati watu wanakanyaga nyasi, na nyasi zinahitaji pesa za kuzipanda tena.

Papp alikataa. Alisema akitoza kiingilio, wale aliokusudia waje hawatakuja. Kesi ikaenda kortini, na mwezi wa Juni mwaka huo majaji wa rufani wakasema amri ile haikuwa na msingi. Mwaka wa 1962 jukwaa la kudumu lilifunguliwa katika bustani hiyo, Delacorte Theater, lenye viti karibu 1,800, na mpaka leo tiketi zake hazilipiwi. Lakini hata huko, bure haina maana ya kufika ukiwa umejichelewesha. Watu hupanga foleni tangu asubuhi, tiketi hugawanywa saa sita za mchana, na mchezo wenyewe ni usiku.

Tumetaja New York kwa sababu nyingine pia, na hii tunaisema kwa furaha. Jukwaa hilo lilifungwa kwa matengenezo makubwa, na lilipofunguliwa tena Agosti 2025, mchezo wa kwanza ulikuwa Twelfth Night wa Shakespeare. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Mapacha wawili waliopotezana baharini waliigizwa na Lupita Nyong'o na ndugu yake Junior, na maneno yao mengine waliyasema kwa Kiswahili. Watu wa New York waliokesha kwenye foleni walisikia lugha yetu bure.

Turudi nyumbani. Ninyi pia mna gharama yenu. Tuseme kikundi kina watu 26, na matatu inabeba abiria 14, kwa hivyo itakwenda safari mbili na kurudi safari mbili. Tuseme mmepatana na mwenye gari shilingi 4,500. Maji ya kunywa na mikate ya watoto shilingi 1,100. Akiba ya mambo yasiyotazamiwa shilingi 900. Jumla ni shilingi 6,500, yaani shilingi 250 kwa kila mtu. Mkianza wiki tano kabla, ni shilingi 50 kwa wiki, na mweka hazina anaweza kuzipokea pamoja na michango ya kawaida, lakini aziandike katika ukurasa wake peke yake. Mkianza Ijumaa usiku, mwenye shilingi 250 atakwenda na asiyekuwa nazo atabaki. Na mara nyingi asiyekuwa nazo ndiye mwenye shida iliyoandikiwa mchezo.

Kuna wanaosema, tupande lori la mchanga, ni rahisi. Hapana. Lori la mizigo halikutengenezwa kubeba watu, na polisi wakilisimamisha njiani mtalala kituoni na mchezo mtausikia kwenye redio.

TUMENI MTU AKAULIZE

Tangazo la ukutani halisemi kila kitu. Chagueni mtu mmoja, katibu au mwingine mwenye simu yenye moto na ulimi mwepesi, aongee na wenye mchezo wenyewe. Asiridhike na aliyesikia kutoka kwa aliyesikia. Aulize saa ya kuanza kwa hesabu ya Kiswahili, "Ni saa nane mchana?", na arudie mpaka apate ndiyo. Aulize mchezo unachukua muda gani, na mazungumzo baada yake yanachukua muda gani. Ni lugha gani itatumika? Kuna wazee wetu ambao Kiswahili cha vijana wa mjini kinawapita kama matatu isiyosimama, na afadhali mjue mapema ili kila mzee akae karibu na mtu wa kumtafsiria.

Aulize pia ni nani atakayejibu maswali. Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote. Kama kuna afisa wa sheria, muuguzi au mtu wa kilimo atakayekuwepo, basi mna safari mbili kwa nauli moja. Kama hakuna, mwambieni mwenye mchezo kwamba mngependa awepo. Wengi hufurahi kuambiwa hivyo, kwa maana na wao wanatafuta watu wenye haja.

Mwisho aulize choo kiko wapi na mvua ikinyesha itakuwaje. Tusicheke. Miaka michache iliyopita sisi wenyewe, ofisi hii, tulialika waigizaji katika uwanja mmoja, tukapanga viti, maua, meza ya wageni, na vyoo vyote vya shule vilikuwa vimefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo alikuwa arusini. Akina mama wengi walikwenda zao kabla ya nusu ya mchezo, na hawakutuambia sababu. Tuliambiwa na watoto.

SAA YA KWENDA NA SAA YA KURUDI

Wazee wa Limuru wanakumbuka jukwaa la Kamiriithu. Mwaka wa 1977 wanakijiji, wakulima na wafanyakazi, walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao wenyewe, lenye nafasi ya watu 2,000 hivi. Hapo ndipo Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, ulipoonyeshwa kuanzia tarehe 2 Oktoba mwaka huo. Onyesho lenyewe lilikuwa na kiingilio, lakini mazoezi yalikuwa hadharani, mtu yeyote akapita, akasimama, akatazama na hata kuwasahihisha waigizaji. Katikati ya Novemba serikali ya wakati ule iliupiga marufuku, na mwaka wa 1982 jukwaa likabomolewa.

Tunalitaja hapa kwa jambo moja dogo. Wenye mchezo ule walichagua kuonyesha Jumapili alasiri, kwa sababu jioni za Limuru ni baridi mno kwa mtu kukaa nje. Na watu wa mbali walikuja kwa mabasi ya kukodi na teksi. Yaani wenye mchezo walifikiria mwili wa mtazamaji, na watazamaji nao walifikiria usafiri. Pande zote mbili zilijipanga.

Sasa fanyeni hesabu yenu. Mchezo ni saa nane, njia ni dakika 40, gari ni moja na watu ni wa safari mbili. Kundi la kwanza liondoke saa tano na nusu, lifike saa sita na dakika kumi. Gari lirudi, kundi la pili liondoke saa saba kasoro dakika kumi, lifike saa saba na nusu. Mna nusu saa ya kutafuta mahali pa kukaa. Kurudi, kama mchezo na mazungumzo vinaisha saa kumi, kundi la kwanza linafika nyumbani saa kumi na moja kasoro dakika 20, na la pili saa kumi na mbili, jua likiwa bado lipo. Sawa kabisa, kwenye karatasi.

Lakini sote tunajua kwamba mchezo wa saa nane unaweza kuanza saa tisa. Mgeni wa heshima amechelewa, jenereta imekataa, watu bado ni wachache. Hapo kundi la pili litafika saa moja, gizani. Kwa hivyo patanane na dereva mapema kwamba atangoja mpaka mazungumzo yaishe, na saa ya ziada italipwa kiasi fulani. Ile akiba ya shilingi 900 kazi yake ni hiyo. Kundi la kwanza kurudi liwe ni wenye watoto wadogo na wazee. Wenye maswali wawe katika kundi la mwisho.

Msimu nao ni jambo la kufikiria. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, mvua zetu nyingi hupenda kunyesha alasiri, saa zile zile za mchezo. Beba mwavuli, lakini ukiufungua uwanjani umewafunga macho watu watatu nyuma yako. Turubai moja kubwa la kikundi linafaa zaidi. Likiwa kavu mnalikalia, likinyesha mnajifunika.

NANI ATABAKI NYUMBANI?

Tumeona kwamba vikundi vingi huandika orodha ya wanaokwenda, na hakuna anayeandika orodha ya wanaobaki. Hebu jaribuni. Mtakuta mama mwenye mtoto wa wiki sita. Mtakuta mzee ambaye miguu imekataa. Mtakuta kijana anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye hakuna aliyemuuliza kwa sababu kila mmoja alidhani hatapenda. Na mtakuta yule ambaye bwana yake hajakataa wala hajakubali.

Wengine ni kweli hawawezi. Lakini wengine wanazuiwa na ng'ombe mmoja tu wa kukamuliwa saa kumi. Kikundi kinachoweza kulimiana mashamba kwa zamu kinaweza pia kukamuliana ng'ombe kwa siku moja. Watu wawili wakibaki kwa hiari, wakazunguka boma sita, watu sita wamepata nafasi ya kwenda. Hao wawili wasichangie nauli, na mchezo ukija tena wao ndio wa kwanza kwenye orodha. Liandikeni katika daftari la kikundi, maana ahadi ya mdomo husahauliwa kabla ya maziwa kuganda.

Watoto je? Sisi tunasema waende, ila wale wadogo muandikeni kila mmoja nambari ya simu ya mama yake mkononi kwa kalamu ya wino. Umati wa siku ya soko ni mkubwa, na mtoto aliyepotea akilia hajui kutaja jina la mwenyekiti wa kikundi.

MKIFIKA UWANJANI

Sauti ya mtu uwanjani hupotea haraka, hata penye kipaza sauti. Mtu mmoja atangulie atazame upepo. Kaeni upande ambao upepo unatoka kwa waigizaji kuja kwenu. Alasiri jua liko magharibi, kwa hivyo mkilipa mgongo mtaona vizuri. Kama kuna mteremko, kaeni hapo hata kama ni mbali kidogo. Wagiriki wa kale walijenga viwanja vyao vya michezo kwenye vilima kwa sababu hiyo hiyo, na kile cha Epidaurus kinachukua watu wapatao 14,000.

Kaeni pamoja. Watoto mbele chini, wazee nyuma yao kwenye stuli, mwenye kiti cha magurudumu pembeni ambapo gurudumu halitazama kwenye matope na yeye hatafungiwa njia ya kutoka. Wenye kusimama wasimame nyuma kabisa. Mkitawanyika, wakati wa kuuliza maswali ukifika kila mmoja atamngoja mwenzake.

SWALI LAKO, NA MASIKIO YA SHEMEJI

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye uzito.

Mchezo wa bure hauchagui watazamaji. Katika uwanja ule ule mjane ameketi, na shemeji yake amesimama pale chini ya mti na rafiki zake. Chifu yupo, majirani wapo. Mama akisimama aseme, "Mimi shemeji yangu amepiga vigingi shambani kwangu," atakuwa amesema kweli, lakini usiku huo atalala wapi? Tumewaona watu waliosukumwa na wenzao kusema mbele ya umati, na waliporudi nyumbani waliwakuta wanaowangoja.

Mchezo wenyewe unatupa njia ya kupita. Yule mjane wa uwanjani ana jina lake la kuigiza, na shemeji wa uwanjani ana lake. Basi uliza juu yao. "Huyu mama tuliyemwona hapa, kama shemeji angekuja kupima shamba kabla ya kesi ya urithi, yeye angeanzia ofisi gani?" Afisa atajibu, kila mtu atasikia, na hakuna mtu aliyetajwa. Hata shemeji aliye chini ya mti atasikia jibu, na pengine ndiye aliyelihitaji zaidi.

Kwa hivyo kabla ya siku yenyewe, kikundi kikutane na kutunga maswali. Mwenye shida asiwe ndiye anayeuliza. Auliza mwingine ambaye hana kesi nyumbani, mwenye sauti ya kufika. Mwingine aandike jibu, pamoja na jina la ofisi, siku zake za kazi na karatasi zinazotakiwa. Msitegemee kukumbuka, kwa sababu jibu la sheria likipita kwa watu watano linageuka, kama ile saa mbili iliyotupoteza.

Baada ya hadhara kuvunjika, mwenye shida anaweza kumfuata afisa pembeni, na mtu mmoja wa kumsindikiza. Abebe nakala za karatasi zake, zile za asili zibaki nyumbani mahali pakavu. Na mtu akija na simu au kamera kuchukua picha, mna haki ya kumwambia hapana.

Kile kikundi cha akina mama kilikwenda tena mwaka huu, kwenye mchezo mwingine, uwanja mwingine. Safari hii walichanga kwa wiki tano. Wawili walibaki kukamua. Dereva alikubali kungoja, na alilipwa saa moja zaidi. Swali liliulizwa na katibu wao, mwanamke ambaye mume wake yu hai na shamba lake halina ugomvi, na alilisoma kutoka kwenye daftari.

Jibu walilopata walituonyesha, limeandikwa kwa kalamu ya risasi. Kwamba katika Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, hakuna mtu anayeruhusiwa kuchukua wala kugawa mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na mahakama, awe shemeji au awe nani. Anayefanya hivyo ametenda kosa, na anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwamba mjane aanze kwa kupata cheti cha kifo, na barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha aende mahakamani. Na kwamba asife moyo akiona mambo yanakawia, kwa sababu hata baada ya hati ya usimamizi kutolewa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya mahakama kuithibitisha.

Jumatatu iliyofuata wawili walimsindikiza kwa chifu. Tulipopita huko mara ya mwisho vigingi bado vilikuwa shambani, lakini viazi vilikuwa vimepaliliwa pande zote mbili za mstari, na mama alikuwa na nambari ya kesi iliyokunjwa ndani ya leso.